Kichwa cha treni ya bustanini: betri au umeme wa relini?

Mkuu, umeuliza upitishe umeme relini au uweke betri ndani ya kichwa cha treni yako ndogo ya mfano, ya kuendesha bustanini. Weka betri. Vumbi la Dodoma likitanda relini, magurudumu hayapati umeme vizuri, treni inakwamakwama. Seli mbili za lithiamu-ioni zilizounganishwa mfululizo zinatoa kama volti 7.4, ongeza bodi ndogo ya kielektroniki ya kuzilinda na mota yenye gia, maana mota tupu isiyo na gia inakimbia lakini haivuti. Betri ilaze chini kabisa, kichwa kisipinduke kwenye kona.

Reli ya upana wa milimita 45 kwa skeli ya 1:22.5, yaani mfano mdogo mara 22.5 kuliko treni halisi, inalingana na ile reli yetu ya zamani ya upana wa mita moja. Ila umbo la kichwa usilibane na vipimo hivyo! Bomba refu la kopo la nyanya, kibanda kinene cha debe, taa mbili kubwa kama macho ya bundi. Mimi ningeanza na hizo taa.