Mwaka wa kwanza kwenye chuo kidogo mbali na nyumbani: kabla hujaomba kuhama, soma hapa

Mdogo wangu, nimesoma swali lako na majibu uliyopewa. Umesema uko mwaka wa kwanza kwenye chuo kidogo, safari ya kutwa nzima kutoka kwenu. Kantini huna wa kukaa naye, rumeti wako kila Ijumaa anabeba begi anakwenda kwao, na unauliza kama ni busara kuomba kuhamia chuo kikubwa kilicho karibu na nyumbani kabla muhula haujaisha. Wengi wamekujibu, "Vumilia, utazoea." Mimi jibu hilo haliniridhishi, kwa sababu mtu anaweza kuvumilia mwaka mzima akiwa amejifungia chumbani na asizoee chochote. Nilisoma kwenye chuo cha namna hiyo, kidogo kiasi kwamba mlinzi wa getini alitujua kwa majina, na nilimalizia masomo yangu hapo hapo. Ngoja nikueleze kilichonisaidia, halafu nitakuambia pia ni wakati gani kuhama ni uamuzi sahihi.

Kwanza usikubali mtu akuambie unadeka. Ulivyoeleza, kwamba jioni kifua kinabana, chakula hakishuki na usingizi unakuja alfajiri, ni jambo ambalo madaktari waliliandika zamani sana. Mwaka 1688 Johannes Hofer, aliyekuwa akisomea udaktari Basel huko Uswisi, aliandika tasnifu nzima kuhusu ugonjwa wa kutamani nyumbani. Mmoja wa wagonjwa aliowaeleza alikuwa kijana wa Bern aliyekwenda Basel kusoma. Alidhoofika vibaya, dawa hazikumsaidia, ikaamuliwa arudishwe kwao, na nafuu ikaanza kuonekana akiwa bado njiani. Bern na Basel ziko nchi moja, kwa hiyo usidhani umbali unapimwa kwa kilomita peke yake. Unapokuwa mahali ambapo hakuna anayejua wewe ni nani, mwili unaona kuwa uko mbali.

Sasa tuje kwenye kiini. Watu watakuambia "jichanganye", lakini hakuna anayekueleza unajichanganyaje. Urafiki unakula saa nyingi kuliko tunavyodhani. Mtafiti Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas alichapisha mwaka 2018 utafiti uliowahusisha pia wanafunzi wa mwaka wa kwanza, akakadiria kwamba inachukua takriban saa 50 za kuwa pamoja ili mtu mnayejuana tu awe rafiki wa kawaida, karibu saa 90 ili awe rafiki hasa, na zaidi ya saa 200 ili awe rafiki wa karibu. Alichokiona pia ni kwamba saa za kazini au darasani hazisogezi urafiki kama saa za kukaa tu, kucheza na kupiga stori.

Piga hesabu basi. Mtu mnayekutana kwenye kipindi kimoja cha saa mbili kwa wiki, hata kama kila dakika ya kipindi hicho ingehesabiwa, mngehitaji wiki 25 kufikisha zile saa 50. Muhula wenyewe haufiki huko. Kwa hiyo kukosa rafiki baada ya wiki chache si ushahidi kwamba watu wa hapo hawakupendi au kwamba una kasoro fulani. Hamjakaa pamoja vya kutosha, basi. Marafiki zako wa nyumbani mlikusanya saa hizo tangu utotoni bila kuhesabu, ndiyo maana unaona urafiki wao ulikuja bure.

Ushauri wangu mkubwa ni huu: acha kutafuta marafiki kwa muda, tafuta mahali ambapo usipofika watu watauliza uko wapi. Hapa ndipo chuo kidogo kinapokishinda chuo kikubwa kwa mbali. Kwenye chuo kikubwa kwaya ina watu wa kumwaga, timu zina wachezaji waliochujwa, na gazeti la wanafunzi lina foleni ya waandishi. Kwenye chuo kidogo kila kikundi kina pengo.

Kwangu mimi ilikuwa voliboli. Kwenye ubao wa matangazo wa bweni palikuwa na karatasi iliyoandikwa kwa kalamu ya wino, upande mmoja imechanika: timu inatafuta mtu mmoja. Voliboli inachezwa na watu sita kila upande na wao walikuwa watano, hivyo kila jioni walikuwa wanapasiana tu bila kucheza mechi. Sikuwa mchezaji wa kutajika, na nahodha hakuniuliza lolote kuhusu hilo. Aliniuliza kama nitakuja kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Tulicheza mpaka giza linaingia, halafu tukakaa kwenye ngazi za ukumbi mtu anafungua viatu taratibu, hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuondoka. Zile dakika za kwenye ngazi ndizo zilizonipa marafiki kuliko mchezo wenyewe. Kuna jioni nilipatwa na homa sikwenda. Mlango ukagongwa. Alikuwa yule nahodha na mwenzake mmoja, jasho bado linawatoka: "Vipi, mbona hatujakuona?" Tangu nifike chuoni hapo sikuwa nimeulizwa swali hilo na mtu yeyote, na lilinikaa moyoni muda mrefu.

Si lazima iwe michezo. Inaweza kuwa maktaba, pale wanapohitaji mtu wa kurudisha vitabu kwenye rafu, au kikundi cha ibada, au klabu ya mdahalo, au kutunza vifaa vya maabara. Angalia mambo matatu tu: kina siku maalumu, kina watu wachache, na kuna kitu kitakwama usipokuwepo. Makongamano na sherehe za kuwakaribisha wapya si mbaya, lakini unakutana na watu wengi kwa dakika chache na kesho yake hamkumbukani.

Na usipuuze mahali unapokaa. Mwaka 1950 mwanasaikolojia Leon Festinger na wenzake wawili, Stanley Schachter na Kurt Back, walichapisha uchunguzi wa nyumba za wanafunzi wenye familia pale chuo cha MIT, Marekani. Waliona kwamba watu wengi walikuwa wamefanya urafiki na jirani wa mlango wa pili, na waliokaa karibu na ngazi walijuana zaidi na watu wa ghorofa ya juu kwa sababu wapitaji walikuwa wanawapita wao. Maana yake kwako: kama unasomea chumbani huku mlango umefungwa, hamishia kitabu chako mahali watu wanapopita. Kaa meza ile ile, saa zile zile. Sura inayoonekana kila siku hatimaye husalimiwa.

Wikiendi naijua. Ijumaa jioni bweni linakuwa kama kituo cha basi, kisha ghafla kimya. Ila ukichunguza utaona hujabaki peke yako. Wamebaki wachache ambao nao kwao ni mbali, na kila mmoja anadhani ni yeye tu. Wanapatikana sehemu ya kufulia Jumamosi asubuhi. Mimi nilianza kuongea na mmoja wao wa mwaka wa tatu kwa sababu vibanio vyangu vilikuwa vimekwisha na upepo ulikuwa unanirushia mashati chini. Alinipa vyake bila kusema neno, kisha akaniuliza nasoma nini. Jumamosi iliyofuata alinigongea mlango kwamba maji yametoka, twende tukafue. Anza na hao. Wana muda, na wanaelewa bila kuelezwa. Ukipata hata wawili, wekeni kitu cha kufanya kila Jumamosi jioni, hata kama ni kutembea tu hadi mjini na kurudi. Jumamosi isiyo na mpango ndiyo inayomfanya mtu atafute fomu za kuhama.

Kuhusu simu za nyumbani. Usikate mawasiliano na wazazi, ila zipangie siku na saa. Ukipiga usiku wa manane ukiwa umelemewa, mama atakusikia unalia, naye hatalala siku tatu, wakati wewe kesho mchana umeshasahau. Piga mchana, au baada ya kufanya jambo fulani, ili uwe na la kusimulia. Na makundi ya marafiki wa zamani kwenye WhatsApp yapunguzie saa. Wale waliokwenda vyuo vikubwa wanakuonyesha picha za ukumbi uliojaa, hawakuonyeshi walivyorudi chumbani.

Udogo wa chuo una maudhi yake, sitakuficha. Ukigombana na mtu, mtaonana kwenye foleni ya chakula kesho, keshokutwa na mwaka mzima. Ukianza uhusiano wa kimapenzi mwezi wa pili ukavunjika mwezi wa tatu, hakuna kona ya kujificha, na stori itakuwa imefika mabweni yote kabla hujaosha uso. Kwa hiyo mambo mazito ya moyoni mwambie mtu mmoja uliyempima. Na ugomvi na rumeti umalizeni mapema, mkiwa bado mnazungumzia taa na kelele za simu tu, kabla haujawa ugomvi wa tabia.

Upande wa masomo, udogo ni mali. Mhadhiri mmoja atakufundisha kozi kadhaa mpaka umalize, na ndiye atakayekuandikia barua ya utambulisho siku unaomba kazi. Nenda ofisini kwake mapema, kabla hujaanza kufeli, ukiwa na swali moja uliloliandika. Swali moja tu linatosha, na ukifika mara ya pili atakuwa anakujua. Usione aibu kama ulikuwa wa kwanza shuleni na sasa uko katikati. Wengi wenu mlikuwa wa kwanza huko mlikotoka. Na kama njia yako ya kusoma ni kurudiarudia notisi, ibadilishe. Wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke mwaka 2006 walionyesha kwamba waliojipima kwa kuandika walichokumbuka, baada ya wiki moja walikumbuka zaidi kuliko waliosoma tena na tena, ingawa dakika chache tu baada ya kusoma ilikuwa kinyume chake. Kwa hiyo ile hali ya kufunga daftari ukihisi umeshika kila kitu inadanganya. Funga daftari, chukua karatasi tupu, andika.

Jambo moja ambalo watu hawalisemi: likizo ya kwanza ni mtihani. Utarudi nyumbani ukitegemea kila kitu kikusubiri, ukute kitanda chako analalia mdogo wako, marafiki wana mazungumzo usiyoyajua, na wewe una majina mdomoni ambayo hakuna anayeyafahamu. Halafu ukirudi chuoni, siku za mwanzo zitakuuma karibu sawa na zile za kwanza kabisa. Hapo ndipo wengi huamua kuhama. Usiandike barua yoyote ya kuhama ndani ya wiki mbili baada ya kutoka likizo. Rudi kwenye kile kikundi chako siku ile ile uliyofika.

Kuhama kunaruhusiwa, na usimwogope mtu. Hama kama kozi unayoitaka haipo hapo na haitakuwepo, kama ada imeishinda familia, kama kuna mtu anakutishia au kukunyanyasa na uongozi umeshindwa kukulinda, au kama nyumbani kuna mgonjwa anayekuhitaji. Lakini kabla hujajaza fomu, uliza kwa maandishi chuo unachokwenda watakubali kozi zipi ulizokwisha kufaulu. Nilimwona mwenzetu akihama kwa hasira na kuanza upya mwaka wa kwanza, wakati barua moja ya kuuliza ingemwonyesha hilo mapema.

Na hili ni tofauti na hayo yote: kama kwa wiki mbili mfululizo huli, hulali, hakuna kinachokufurahisha na huwezi kuinuka kwenda darasani, huo si upweke wa kawaida tena. Nenda kwa mshauri wa wanafunzi au zahanati ya chuo. Na kama limewahi kukujia wazo la kujidhuru, mwambie mtu leo, usiku huu huu, hata kama ni mlezi wa bweni usiyempenda. Mwaka wa masomo unaweza kurudiwa, uhai haurudiwi.

Wapo walioandika huko juu kwamba ulichagua vibaya. Huna bado cha kukuonyesha kama ulichagua vizuri au vibaya. Jipe hadi mwisho wa muhula wa pili, ukiwa ndani ya kikundi kimoja usichokikosa. Ukiona bado hapakufai, utahama ukiwa na matokeo mazuri mkononi na mhadhiri wa kukuandikia barua, na hata huko uendako utakuwa unajua pa kuanzia.

Ungeandika hapa chuo chako kina vikundi gani na ratiba yako ya jioni ikoje, tukusaidie kuchagua. Hata kama ubaoni kuna tangazo moja tu, litaje.