Uliza Tukujibu: Bomba la Tanzania likija, meko itashuka bei?

SWALI: Hamjambo hapo. Mimi napika na meko ya kilo sita huku Kondele na kila nikienda kujaza naumia. Jirani ananiambia nivumilie tu, ati Kenya na Tanzania walikubaliana kujenga bomba la gesi na likifika tutapika karibu bure. Ni ukweli? Halafu huyo huyo anasema gesi ikivuja hupanda juu, kwa hivyo nikisikia harufu nifungue tu dirisha la juu. – Mama Wawili, Kisumu

JIBU: Mama Wawili, wacha nianze na hiyo ya mwisho maana ndiyo inaweza kukuua wewe na hao watoto. Gesi ya meko haipandi, inashuka. Kwa mtungi wako kuna propani na butani, ndiyo hiyo huitwa LPG, na ni nzito kuliko hewa, kwa hivyo ikivuja inatambaa sakafuni, inaingia chini ya kitanda, chini ya kabati, na kwa nyumba ya chumba kimoja ikishajaa huko chini inangoja cheche tu. Dirisha la juu peke yake halitakusaidia. Fungua mlango wote, toa watoto nje kwanza, funga ile nobu ya meko, na tafadhali usiguse swichi ya stima, usiwashe wala usizime, hata simu ipige ukiwa nje. Ile harufu mbaya unasikia imewekwa makusudi, gesi yenyewe haina harufu, kwa hivyo ukiisikia usiseme ni kidogo tu itaisha. Na ukitaka kujua inavujia wapi paka povu la sabuni pale bana inapofungwa kwa mtungi, povu likifura hapo ndipo, mara nyingi ni ule mpira mdogo wa ndani umechakaa na kuubadilisha si kazi kubwa. Watu huangalia na kiberiti. Nawaomba sana muache.

Sasa jirani yako hajatoa hayo maneno hewani, amechanganya gesi mbili. Gesi asilia ya Tanzania ni methani, hiyo ni nyepesi kuliko hewa na kweli hupanda juu. Wenzetu waliipata Songo Songo mwaka wa 1974, wakaipata tena Mnazi Bay 1982, na tangu 2004 ile ya Songo Songo imekuwa ikienda Dar es Salaam kuzalisha umeme, halafu 2015 wakamaliza bomba kubwa la kutoka Mtwara. Makubaliano na Kenya yalitiwa sahihi Mei 2021 na ni kweli yalihusu bomba, lakini ni la kutoka Dar hadi Mombasa. Mombasa, mama, na kutoka hapo hadi Kondele ni nchi nzima. Hata likijengwa, gesi kama hiyo kwa kawaida inaanzia kwa mitambo ya umeme na viwanda, kuileta jikoni lazima uchimbe mtaa mzima upitishe paipu nyumba kwa nyumba.

Wengine watauliza si basi waitie tu kwa mitungi. Haiwezekani, angalau si kwa mtungi wako. Propani na butani ukizifinya kiasi zinageuka maji maji, ndiyo maana ukitingisha meko unasikia kitu kinacheza ndani. Methani hata uifinye aje kwa joto letu hili inabaki gesi, mpaka uipoze kufika nyuzi 162 chini ya sifuri. Bajaji na magari ya Dar yanayotumia gesi asilia huwa nayo ikiwa imeshindiliwa kwa nguvu karibu mara 200 ya hewa ya kawaida, kwa matangi mazito yaliyotengenezewa kazi hiyo.

Kwa nini basi ya kwako ni ghali? LPG yetu inanunuliwa nje, inashuka na meli Mombasa, na tangu kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe kiache kazi 2013 hata ile kidogo tulikuwa tunapata hapo hakuna. Bomba la Kenya Pipeline lilifika Kisumu 1994 lakini hubeba petroli, dizeli na mafuta taa. Gesi ya kupikia inapanda lori, inakula barabara yote hiyo, na gharama unamalizia wewe. Halafu kuna kodi. VAT iliondolewa kwa gesi 2016, ikarudishwa Julai 2021 kwa asilimia 16, mwaka uliofuata ikawa 8, na 2023 ikaondolewa tena. Mimi ile ya 2021 ilinikasirisha na bado inanikasirisha, maana mama akishindwa na gesi anarudi kwa makaa na moshi unaingia kwa kifua cha mtoto aliye mgongoni. Kwa hivyo usingoje bomba, ukisikia wabunge wanaongea kodi ya gesi hapo ndipo upige kelele.

SWALI: Rwanda wanatoa gesi kutoka Ziwa Kivu. Mbona sisi tumekalia Ziwa Victoria na hatutoi? – Mvuvi, Dunga

JIBU: Ndugu, yetu haina hiyo gesi. Kivu ina kina cha karibu mita 480 na maji ya chini hayachanganyiki na ya juu, kwa hivyo methani na kaboni dayoksaidi zimejilundika huko miaka na miaka. Wanachofanya ni kuvuta maji ya chini, yakipanda gesi inachomoka kama soda ukifungua, na mtambo wa KivuWatt unazalisha megawati 26 hivi. Victoria ni pana lakini kina chake ni mita 80 na kitu, upepo unayakoroga maji, gesi haipati pa kukaa. Na tushukuru, maana Ziwa Nyos kule Cameroon lilipotapika kaboni dayoksaidi 1986 liliua watu zaidi ya 1,700 usiku mmoja.

SWALI: Nina ng'ombe wanne na biogesi inabaki. Naweza kujaza mitungi ya zamani niuzie majirani? – Mfugaji, Molo

JIBU: Hapana, kaka, usijaribu. Biogesi ni methani ile ile, imechanganyika na kaboni dayoksaidi, na nimeshaeleza juu kwamba haigeuki maji kwa mtungi wa LPG. Ukiilazimisha na kompresa unatengeneza bomu, na ile gesi ya harufu ya yai bovu iliyo ndani ya biogesi hula chuma polepole. Lakini pia usiiachilie tu hewani, kwa miaka 20 methani hupasha dunia joto zaidi ya mara 80 kuliko kaboni dayoksaidi, heri uichome. Kama jirani yuko karibu mvutie paipu ya plastiki hadi jikoni kwake mkubaliane bei ya mwezi. Maji hujikusanya ndani ya paipu mahali inapoinama na kuziba, kwa hivyo fundi aweke pa kuyatolea kabla hajafukia.