Mfumo unalipa ila akaunti inaungua: jibu langu kwa jamaa wa dhahabu

Mkuu umeuliza mbona mfumo wako wa kutredi dhahabu mtandaoni ukiubekitesti (ukiujaribu kwenye bei za nyuma) unalipa lakini ndani ya mwaka umeshachoma akaunti tatu. Mimi nilichoma mbili kabla yako kwa hiyo siongei vya kusikia.

Shida yako haiko kwenye entri, yaani pale unapoingia, iko kwenye loti, yaani ukubwa wa oda. Umesema una dola 500 na unaingia dhahabu kwa loti 0.10. Haya piga hesabu, 0.10 ni wakia 10, bei ikienda kinyume dola 5 tu, na dhahabu dola 5 inazitembea hata chai hujamaliza, umeshatoa dola 50. Hasara kumi za hivyo zikifuatana huna akaunti, na kabla hata hazijafika kumi broka, kampuni inayokushikia hela, atakufungia oda mwenyewe. Kwa 0.01 SL ileile (stop loss, bei unayoweka oda ijifunge ukipoteza) inakula dola 5, asilimia 1, zikifuatana kumi bado una 450 na akili timamu. Na usiniambie kumi haziji, zinakuja hata mfumo uwe mzuri vipi.

Wale Turtles wa Chicago, wanafunzi wa utreda, 1983, treda Richard Dennis alibishana na mwenzake William Eckhardt kama treda anazaliwa au anafundishwa, akachukua watu mchanganyiko akawapa sheria. Kila mtu anakumbuka ile ya kununua bei ikivunja kilele cha siku 20, ila iliyonisaidia mimi ni nyingine kabisa: akaunti ikishuka asilimia 10, wanapima ukubwa wa oda kana kwamba imeshuka 20. Ukipigwa unapunguza. Sisi tukipigwa tunadabo, loti mara mbili.

Nilidabo mimi, Ijumaa ya takwimu za ajira za Marekani, saa tisa na nusu alasiri huku kwetu. SL ya kwanza ikaliwa, nikadabo nikageuza upande, ikaliwa tena, ya tatu nikaiondoa SL kabisa najiambia itarudi tu. Na ilirudi kweli! Jumatatu. Mimi nilishaisha Ijumaa kabla ya magharibi.

Sasa hivi sheria nimeziandika kwenye daftari kabla sijafungua chati, maana ukishakuwa ndani ya oda huna akili za kutunga sheria. Hasara mbili kwa siku nafunga kompyuta. Na kwa vile najijua, hela nyingi iko benki na namba ya siri anayo shemeji yenu, kwa broka naacha kidogo (usicheke, imefanya kazi kuliko indiketa zote, vile viashiria vya kwenye chati, nilizonunua). SL nayo usiiamini kama bima, 15 Januari 2015 benki kuu ya Uswisi ilipoacha kuilinda yuro isishuke chini ya faranga 1.20, SL za watu zilijazwa mbali kabisa na walipoziweka.

Wewe irudie bekitesti yako kwa 0.01, halafu niambie hasara nyingi zaidi zilizofuatana zilikuwa ngapi. Hiyo namba ndo naitaka, faida baadaye.