Bonde la Korogwe: usome mto kwanza, ndipo usome hati ya bima

Mtu akiniuliza kama bima ya mafuriko inafaa, nami humuuliza: maji yanayoingia kwako yanatoka wapi? Wengi hujibu kwamba yanakuja mvua ikizidi. Jibu hilo halitoshi. Ukishindwa kusema maji yako ni ya mto, ya mtaro ulioziba au ya paa lililoezuliwa na upepo, utashindwa pia kujua kama karatasi unayouziwa inayahusu.

Nina duka la pembejeo Korogwe, na familia yetu inalima mpunga bonde la Lwengera, kwa hiyo mambo haya nayaandika kwa uchungu. Huku watu wengi huamini kwamba bwawa la Nyumba ya Mungu linatukinga. Linatukinga kwa sehemu tu. Linashika maji ya Pangani yanayotoka Kilimanjaro na Meru, lakini chini ya bwawa mto hupokea Mkomazi, kisha Lwengera unaoshuka kati ya Usambara Magharibi na Usambara Mashariki. Maji hayo hayapiti Nyumba ya Mungu. Mvua ikipiga milimani usiku kucha, watu wa Magoma wanaweza kuamka jua linawaka, kwao halijadondoka tone, na majaruba yamefunikwa. Kumbuka hilo, maana nitalirudia kwenye bima ya mazao.

Kabla hujanunua kiwanja au kupanga fremu, nenda kwa wazee wa mtaa uwaulize maji ya El Niño ya 1997/98 yalifika wapi. Usiulize kama yalifika, uliza yalifika wapi, wakuonyeshe kwa mkono: mwembe ule, ngazi ile. Kisha waulize vijana kuhusu Oktoba 2019, mvua zilipokata barabara Korogwe na Handeni, kwa sababu vuli nayo ina mafuriko yake. Si masika ya Machi hadi Mei peke yake. Madalali wa viwanja hupenda kumpeleka mteja Januari na Februari, ardhi imekauka na nyasi zimefyekwa. Nenda tena mvua zikiwa zimekolea. Na kama kiwanja kimo ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, achana nacho hata kikiwa bei ya bure. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu pale, na ukijenga utakuwa unapambana na mto na serikali kwa pamoja.

Tuje kwenye bima yenyewe. Bima ya nyumba au duka inayouzwa kwetu kwa kawaida ni bima ya moto. Msingi wake ni moto, radi na mlipuko. Mafuriko, dhoruba na mabomba kupasuka huongezwa juu yake, kila moja kwa jina lake, na mara nyingi kwa ada ya ziada. Nilipokuwa nakata ya duka, wakala alinihakikishia kwa mdomo kwamba majanga yote yamo. Nikamwomba anionyeshe kwa kidole neno mafuriko liko mstari gani. Halikuwepo. Likaongezwa, nikalipa tofauti, nikapewa hati mpya yenye neno hilo. Nawasihi mfanye vivyo hivyo, bila kuona haya. Hati ikiwa ya Kiingereza, mwambie wakala akusomee na kukufafanulia kila mstari kabla hujatia saini; ni haki yako. Halafu hakiki hati hiyo kwenye mfumo wa TIRA, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, ujue kampuni inaitambua. Na bima haianzi mpaka ada ilipwe. Ahadi ya "nitakukatia, utalipa mwisho wa mwezi" haikusaidii maji yakija tarehe kumi.

Usisubiri mto ujae ndipo ukimbilie kwa wakala. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa mwelekeo wa masika kabla msimu haujaanza, na huo ndio muda wa kwenda.

Jambo linaloumiza wafanyabiashara wengi ni thamani wanayoandika. Mtu ana mali ya shilingi milioni 40, anaandika milioni 20 ili ada ipungue. Maji yanaharibu mzigo wa milioni 10. Yeye anajua kikomo chake ni milioni 20, kwa hiyo anangojea milioni 10 zake zote. Kampuni inapiga hesabu tofauti: umekatia bima nusu ya mali, basi utalipwa nusu ya hasara, yaani milioni 5, na kutoka hapo kinakatwa kile kiasi cha mwanzo ambacho mkataba unasema utakibeba mwenyewe. Si wizi, kimo kwenye mkataba. Lakini nimeona mtu mzima akilia dukani kwake kwa sababu hakuna aliyemweleza siku anatia saini. Kwa duka la pembejeo ni vigumu zaidi, maana mzigo wa Februari, wakulima wakiandaa mashamba, hauko sawa kabisa na wa Julai. Andika thamani ya wakati duka limejaa.

Maji yalipoingia kwangu msimu mmoja wa masika, kilichoniokoa kilikuwa daftari la mzigo na risiti za EFD, ambazo nilikuwa nazipiga picha na kumtumia dada yangu Tanga mjini. Karatasi za dukani zililowa zote. Nilipiga simu kwa kampuni siku ileile, nikapiga picha mstari wa maji ukutani kabla haujakauka, nikachukua barua ya mtendaji wa mtaa. Mifuko ya mbolea iliyoyeyuka sikuitupa mpaka mtathmini wa hasara alipofika, ingawa ilinuka na wateja walilalamika. Mizima niliihamishia juu haraka, kwa sababu mkataba unakutaka uokoe unachoweza. Malipo yalichelewa kuliko nilivyotarajia, ila yalikuja. Kampuni ikikukatalia na unaona umeonewa, peleka kwanza malalamiko yako kwao kwa maandishi, kisha nenda kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Ofisi hiyo ipo kisheria kwa ajili ya watu kama sisi.

Mpunga una habari nyingine. Tangu kampuni zilipoungana kwenye umoja wa bima ya kilimo, TAIC, mwaka 2023, mawakala wanafika hadi kwenye vyama vya ushirika, na ni jambo jema. Ila uliza bima hiyo inalipa kwa kipimo gani. Kuna inayolipa kwa kupima mvua ya eneo lako kwa setilaiti. Kwa ukame inasaidia. Kwa bonde la Lwengera, ambako maji hushuka kutoka milimani na kwetu hakujanyesha, kipimo kinaweza kuonyesha mvua ya kawaida na jaruba lako liko chini ya maji. Kwa bonde letu naipendelea inayopima mavuno ya eneo zima, kwa sababu mavuno yakianguka kijiji kizima, haijalishi mvua ilinyesha wapi. Hata hiyo haiangalii shamba lako peke yako: likizama lako tu na ya wenzako yakasalimika, usitegemee fidia.

Nyumba ya mama yetu ni ya miti na udongo, na kampuni niliyoiendea haikutaka kuigusa. Ndugu zangu walikasirika. Mimi nilishauri hela tuliyotenga kwa ada ipandishe msingi kwa mawe na saruji, tuinue kichanja cha mpunga, na hati ya shamba na vyeti viwekwe kwenye mfuko wa nailoni juu ya dari. Mama mwenyewe akaongeza sharti lake: mchango wa mfuko wa jamii kwenye kikoba chake usikatwe hata mwezi mmoja, kwa sababu ndio unaotoa hela ya unga na dawa siku ileile maji yanapoingia, na bima yoyote huchukua wiki. Tukakubaliana hivyo, na msingi ulikamilika kabla ya vuli.