Re: Kupunguza unene wa wanafunzi bila marufuku

Mwalimu, umeuliza namna shule yenu hapa Nyamagana inavyoweza kuwasaidia wanafunzi wenye uzito uliozidi bila kuwaaibisha wala kupiga marufuku vitafunwa. Ningeanza na meza ya duka la shule. Mtoto mwenye njaa huchukua kilicho mbele ya macho yake, kwa hiyo vipande vya tikiti, ndizi na machungwa yaliyokwisha kumenywa vikae pale anapolipia, huku soda na maandazi vikirudishwa nyuma, ambako atavipata akiviomba. Kumenya ni muhimu, kwani mwanafunzi hana kisu na mapumziko ni mafupi. Ndoo ya maji safi yenye koki iwekwe mlangoni mwa kila darasa. Soda moja ya mililita 350 huwa na sukari zaidi ya gramu 30.

Shirika la Afya Duniani linashauri wenye miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za mazoezi kila siku, hivyo nawasihi msimnyime mtoto michezo kama adhabu. Uzito upimwe faragha, na mzazi aelezwe kwa upole, kwa kuwa wengi wetu bado tunauona unene wa mtoto kuwa dalili ya matunzo mema.