Presha Haishuki na Unakoroma? Muulize Unayelala Naye

Dada mmoja wa Misungwi ameniandikia wiki hii. Mumewe anameza dawa tatu za presha bila kuruka siku, na bado akipimwa ni 170 kwa 100. Mwishoni kabisa, kama jambo la kupitia tu, akaongeza: "Halafu kaka, anakoroma mpaka watoto wamehamia sebuleni." Dada yangu, hilo ndilo ungeanza nalo. Kukoroma huku pumzi inakatika usingizini, madaktari wanaita sleep apnea, kunaweza kuwa ndiko kunakoizuia presha isishuke.

Mimi nimepita humo humo. Nauza dagaa Mwaloni, Kirumba, na pale sokoni nilijulikana kwa kusinzia. Nilisinzia nimeshika mizani, mteja amesimama anasubiri. Wakaniita Mzee Popo. Nilicheka nao, lakini jina liliniuma, na wapo wanaoniita hivyo hadi leo.

Kliniki ndiko kuliniuma zaidi. Vidonge nimemeza vyote, nesi anatazama namba, kisha kwa sauti, mbele ya foleni nzima: "Mzee, wewe dawa humezi." Nikaongezewa dozi ya amlodipini, miguu ikavimba (huwatokea baadhi ya watu), presha ikabaki palepale.

Aliyenikomboa ni mama watoto. Usiku mmoja alinirekodi kwa simu, akanisindikiza kwa daktari na kumwekea video hata hatujaketi vizuri. Nakoroma, nakoroma, halafu kimya. Kifua kinahangaika, hewa haipiti. Kisha nashtuka na kuvuta pumzi kama mtu aliyeibuliwa majini. "Daktari, hapo ndipo huwa namsukuma," akasema. Daktari akaweka kalamu chini, akachukua utepe akanipima shingo. Mwanaume akizidi sentimita 40 hivi wanaanza kushuku. Mimi nilikuwa na 44.

Habari za kipimo cha usiku, na za michango ya ndugu mpaka mashine ya kunisukumia hewa ikapatikana, naziruka. Ni ndefu na zinachosha.

Ukilala, misuli ya koo hulegea, na kwa watu kama sisi njia ya hewa huziba. Oksijeni inashuka, mwili unamwaga adrenalini, mishipa inabana, moyo unakwenda mbio. Unavuta hewa, unaendelea kulala, asubuhi hukumbuki kitu. Pumzi ikikatika hivyo zaidi ya mara 30 kwa saa, hali ni mbaya. Kwa kawaida presha hushuka asilimia 10 hadi 20 mtu akiwa usingizini, yetu inakesha. Tena homoni ya aldosteroni huufanya mwili ung'ang'anie chumvi na maji, ndiyo maana dawa ya kukojosha huwa na kazi kubwa kwetu. Dawa tatu zikishindwa, daktari anaweza kuongeza spironolaktoni. Hiyo usijinunulie duka la dawa, maana lazima upimwe damu kuangalia potasiamu na figo.

Mashine yenyewe ni CPAP. Ilibuniwa na daktari Colin Sullivan wa Sydney, Australia, akaitangaza mwaka 1981, na kazi yake ni kusukuma hewa kupitia barakoa ili koo lisizibe. Lakini jamani, msidanganyane kwamba ukiivaa unatupa vidonge! Kwa wastani hushusha presha pointi 2 au 3 tu, na zaidi kidogo kwa wale ambao dawa zimewashinda. Nayo inataka uivae angalau saa nne kila usiku. Mimi ninayo, na vidonge nameza, na sasa ni 130 kwa 82. Daftari nilimpelekea yule nesi aliangalie mwenyewe.

Sasa ninyi wanaume wenzangu wa Kanda ya Ziwa. Mke akikwambia unakoroma, unanuna! Kitambi unakiita neema! Punguzeni uzito, maana shingo ikipungua na koo linapata nafasi. Bia za usiku acheni, zinalegeza koo zaidi, na vidonge vya usingizi vilevile. Kayabo, yule samaki wa kukaushwa kwa chumvi, mnaijua chumvi yake. Laleni ubavu, siyo chali, hasa umeme ukikatika na mashine ikazimika.

Na madereva wa malori na mabasi ya usiku, mnaosinzia kwenye usukani kisha mnasema ni uchovu wa safari: mkifika kwa daktari, kabla hata hajawapima presha, mwambieni kazi yenu ni kuendesha.