Kuhamia Malta kutoka Dar: piga hesabu ya Februari, si ya Julai

Vijana wa nyumbani wakiniandikia kuhusu Malta, nchi ya visiwa katika bahari ya Mediterania, mara nyingi hutanguliza picha: maji ya buluu ya kisiwa cha Comino, boti, watu wamevaa miwani ya jua. "Dada, huko ndiko unakoishi?" Ndiko. Picha ni za kweli, ila ni za Julai, na aliyezipiga alikuja kwa wiki moja akaondoka. Anayehamia anaikuta Februari, ya mvua na baridi. Ndiyo maana kila anayeniomba ushauri namwambia aanze na karatasi na nyumba. Bahari haiendi popote.

Kwanza ujue udogo wa mahali penyewe. Malta, ukijumlisha visiwa vya Gozo na Comino, ina kilomita za mraba 316. Unguja peke yake inaizidi zaidi ya mara nne. Wakazi ni zaidi ya nusu milioni, yaani kama sehemu ya kumi ya watu wa Dar. Sisi tumezoea jiji ambalo mkikosana na mtu Sinza, unahamia Mbagala na hamuonani tena. Hapa bosi wako wa zamani anaweza kuwa binamu wa mwenye nyumba wako mpya, na dalali akawa amesoma nao wote wawili. Usilichukulie hilo kama jambo baya tu. Ukilipa kodi kwa wakati, sifa nayo inatangulia.

Sasa karatasi. Mtanzania au Mkenya anayekuja kufanya kazi huhitaji kile wanachokiita Single Permit, kibali kimoja kinachobeba kazi na ukaazi kwa pamoja, kinachotolewa na ofisi ya Identità. Neno la kulishika ni hili: kibali kina jina la mwajiri. Hukupewa ruhusa ya kufanya kazi Malta, umepewa ruhusa ya kufanya kazi kwa fulani. Ukiachishwa, muda wa kutafuta mwingine ni mfupi, unahesabiwa kwa siku. Kwa hiyo usije ukaandika barua ya kuacha kazi kwa hasira ya Ijumaa jioni. Kwanza mwajiri mpya awasilishe maombi yake, upate uthibitisho mkononi, ndipo uage. Na kabla ya kusaini mkataba ukiwa bado nyumbani, tafuta jina la kampuni kwenye daftari la makampuni la Malta. Liko mtandaoni, mtu yeyote anaweza kulisoma. Wakala wa ajira pia muulize leseni. Tangu Aprili 2024 mawakala wa Malta wanatakiwa kuwa nayo, na upande wetu TaESA, wakala wa serikali ya Tanzania wa huduma za ajira, wapo kwa kazi hiyohiyo ya kuuliza kabla hujatoa hata shilingi. Anayekuhimiza utume pesa leo kwa sababu "nafasi zinaisha" mwache ziishe.

Mshahara nao usome vizuri. Kima cha chini mwaka 2025 kilikuwa takribani euro 222 kwa wiki. Ukiibadilisha kuwa shilingi unaweza kuona umetajirika, kisha ukaulizia chumba Sliema, mji wa kodi ghali. Ishi kwa hesabu ya euro, shilingi iache kwa siku ya kutuma nyumbani. Hakikisha pia mchango wa hifadhi ya jamii unaonekana kwenye hati ya mshahara, asilimia 10 yako na kiasi kama hicho cha mwajiri, maana mchango huo ndio unaokufungulia mlango wa matibabu ya serikali, pamoja na hospitali kubwa ya Mater Dei.

Nimefika kwenye nyumba, na hapa ndipo watu wengi wanapoumia bila kutarajia.

Nyumba za Malta hujengwa kwa mawe ya chokaa ya hukohuko, rangi ya asali, mazuri kuyatazama jua likizama. Mawe hayo hunywa maji. Mvua za Novemba zikianza, ukuta unapanda unyevu kutoka chini, na kwa kuwa nyumba nyingi hazina mfumo wa kupasha joto, ndani kunakuwa na baridi kuliko nje. Kipimajoto kitasema nyuzi 12 na mtu aliyekulia Njombe atacheka. Acheke, kisha alale humo. Baridi ya maji ni nyingine: shuka zina ubichi, viatu vya ngozi vinaota kuvu kabatini, nguo ulizoanika juzi bado zinasubiri. Wasomaji wa Biblia wanakumbuka Matendo sura ya 28, Mtume Paulo alipovunjikiwa na jahazi kisiwa hikihiki: jambo la kwanza wenyeji walilomfanyia yeye na wenzake ni kuwawashia moto, kwa ajili ya mvua na baridi. Walijua.

Basi ukienda kuangalia nyumba, acha roshani ya kutazama bahari kwa dakika kumi. Fungua makabati unuse. Tazama ukuta sehemu ya chini, kwenye kona, nyuma ya kitanda; rangi mpya iliyopakwa nusu mita tu kutoka sakafuni inaficha kitu. Uliza madirisha yanaelekea wapi, kwa sababu yanayoelekea kusini hupata jua la majira ya baridi. Ghorofa ya juu kabisa huwa kavu zaidi, ila Agosti dari linakuwa tanuri, hapo uchague adui wako. Bafu lisilo na dirisha likwepe. Na katika vitu vya kwanza kununua, kabla ya televisheni, weka mashine ya kunyonya unyevu. Jiko la gesi la magurudumu ambalo wenyeji wengi hupashia joto linasaidia jioni, lakini gesi ikiungua nayo hutoa mvuke wa maji, kwa hiyo unaongeza kile unachokikimbia.

Mkataba wa upangaji una sheria yake tangu Januari 2020, na inamlinda mpangaji kuliko tulivyozoea. Mkataba wa muda mrefu hauwi chini ya mwaka mmoja na lazima usajiliwe kwenye Mamlaka ya Nyumba. Mwenye nyumba asiposajili, mpangaji anaweza kusajili mwenyewe. Kodi haipandishwi zaidi ya asilimia 5 kwa mwaka. Habari ya kulipa miezi sita mkupuo, kama Dar, haipo. Kwa kawaida ni mwezi wa kwanza, dhamana ya mwezi mmoja, na nusu ya kodi ya mwezi kwa dalali pamoja na VAT ya asilimia 18. Kwa upande wako, mkataba wa mwaka unakufunga miezi sita ya mwanzo. Baada ya hapo unaweza kuondoka kwa notisi ya mwezi mmoja.

Umeme hauna Luku. Bili inakuja baadaye, na inakuja nzito kama hukujisajili. Kuna bei ya mkaazi na kuna bei ya juu zaidi inayotozwa nyumba isiyo na wakazi waliosajiliwa, na kipimo cha unafuu kinategemea idadi ya watu walioandikwa kwenye akaunti. Siku ileile ya kusaini mkataba, mwambie mwenye nyumba asaini na fomu ya ARMS, kampuni ya bili za umeme na maji, inayokuandika wewe na unaoishi nao. Akisitasita, hiyo ni nyumba ya kufikiriwa upya.

Mengine utayazoea mapema. Kiingereza ni lugha rasmi, magari yanapita kushoto, plagi ni zilezile za pini tatu. Mwingereza alitawala huku hadi 1964. Mabasi ni bure kwa wakazi wenye kadi ya Tallinja yenye jina lao, tangu Oktoba 2022, ila foleni ya Msida itakukumbusha Ubungo. Hakuna mto wala ziwa, sehemu kubwa ya maji ya bomba ni ya bahari iliyochujwa chumvi, hivyo watu wengi hununua ya chupa. Chupa tupu zirudishe mashineni, kila moja ni senti 10. Unga mweupe wa sembe utaupata kwenye maduka ya Waafrika, Marsa na Ħamrun. Ile polenta ya supamaketi ni ya njano na ugali wake hauniingii. Samaki wanayemwita lampuki, kwa watu wa pwani yetu faluusi, anaanza kuvuliwa kwa wingi katikati ya Agosti. Mkaange kwa ndimu na pilipili, wenyeji wakushangae.

Upepo je? Watu wa pwani mtaelewa haraka. Kama sisi tunavyoishi kwa kusi na kaskazi, huku hakuna anayekwenda kuogelea kabla ya kuuliza upepo: ukivuma kutoka kaskazini, wewe nenda fukwe za kusini, na kinyume chake. Ule wa kusini mashariki, xlokk, huleta joto zito na wakati mwingine vumbi la Sahara, mvua ikinyesha magari yote yanakuwa na matope. Usianike nguo siku hiyo.

Kuhusu rangi yetu niseme bila kuzunguka. Utakutana na dalali ambaye nyumba "imeshachukuliwa" mara tu anapokuona, na bibi wa jirani atakayekuuliza kama ulikuja kwa boti. Bibi huyohuyo anaweza kukuletea sahani ya biskuti wiki ya sherehe ya mtakatifu wa kijiji. Siku hizo fataki hulipuka tangu asubuhi na mapema, mchana kweupe, usikimbilie chini ya meza.

Ukipewa nafasi ya kuchagua tarehe ya kuanza kazi, omba Oktoba. Bahari bado ina joto, wageni wa kiangazi wameondoka na madalali wana subira. Zaidi ya yote, miezi sita ya kufungwa na mkataba itaisha Aprili: utakuwa umeiona nyumba kwenye mvua zote, na kama imekushinda, unatoa notisi kabla bei za kiangazi hazijapanda.